Nchi Iliyoonwa na Nchi Iliyonakiliwa

Wako wasemao kwamba mchoraji wa mandhari sharti akae mbele ya kile akichoracho tangu mstari wa kwanza hata rangi ya mwisho. Wengine hushikilia kwamba moyo ndio uonao, macho ni watumishi wake tu. Nikizitazama kazi za wachoraji wetu wawili, Sam Ntiro na Edward Saidi Tingatinga, naona kwamba pande zote mbili zimesahau kuuliza swali moja: mchoraji ameikumbuka nchi, au ameikumbuka picha?

Ntiro alizaliwa Machame mwaka 1923, akafundishwa na Margaret Trowell huko Makerere, kisha akasoma London. Bibi Trowell alikuwa na desturi ya kuwasimulia wanafunzi wake jambo, nao wakachora walivyoliona moyoni. Basi Ntiro hakulelewa katika kuketi kondeni na ubao magotini. Hata hivyo, migomba yake na vilima vyake havina ulegevu wa kitu kilichobuniwa. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, iliingia katika hazina ya Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960. Hakuichora akiwa njiani pamoja nao; lakini njia za namna ile alikuwa amezipita utoto wake wote.

Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, hakwenda shule ya uchoraji. Mwaka 1968 alianza kupaka rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, upande wa Kinondoni. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mwizi, akafa. Katika ubao wake nchi ni kidogo mno: pengine mti mmoja, ndege, na rangi tupu nyuma ya mnyama. Lakini mnyama yule aujaza ubao kama aliyetokea ghafula kichakani, na kwa mtu wa Tunduru si ajabu.

Warithi wake, ambao ushirika wao uliandikishwa mwaka 1990, wana mikono hodari kuliko yake. Hilo nalikubali bila kinyongo. Ila Kilimanjaro wauzao, na tembo wake chini, aghalabu umezaliwa na Kilimanjaro wa picha nyingine. Wapo wachorao mitaa na mabasi, nazo ni kazi za kuchekesha na za werevu. Lakini bonde la Msimbazi sikuliona vibandani mwao, wala mikoko ya Mtoni, Temeke.

Nilipata kukaa Mtoni asubuhi moja maji yakitoka. Nilidhani tope ni jeusi. Baada ya saa nzima nikaona ni la kijivu, na penye mizizi ya mikoko lina zambarau hafifu, na moyo ukanijaa huzuni nisiyoijua sababu yake. Rangi ya baiskeli, jinsi itokavyo mkebeni, haina kijivu kile. Lazima ichanganywe, na aichanganyaye hatajua kiasi gani mpaka amekwenda kulitazama tope lenyewe.