Hasimu Aliye Nyuma ya Pazia: Juu ya Mchezo wa Vita vya Pasifiki

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na zote hukaa wazi mbele ya macho ya wachezaji wawili. Fundi humshinda mwenziwe kwa kuona mbali zaidi katika jambo ambalo wote wawili wanalitazama. Michezo ya vita vya baharini imejengwa juu ya msingi mwingine. Humo kila mchezaji ana nusu ya ubao tu. Nusu ya pili imo moyoni mwa hasimu wake. Kwa hiyo mchezo wa jinsi hii haupimiki sawasawa kwa kanuni zake wala kwa ramani yake peke yake. Hapana budi kumtazama pia yule anayeketi upande wa pili.

Mwaka 1964 kampuni ya Avalon Hill ya Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Midway. Kila mchezaji alikuwa na ubao wake wa upelelezi, uliositiriwa mwenziwe asiuone. Aliyetaka kuzitafuta manowari za adui alitaja eneo la bahari, na mwenziwe alipaswa kujibu kwa kweli kama zimo au hazimo. Yafaa kulitafakari jambo hili. Ulikuwa mchezo wa hila uliosimama juu ya uaminifu: mtu aliruhusiwa kuficha, lakini hakuruhusiwa kusema uongo. Tena swali lenyewe lilimfichua muulizaji, kwani anayeuliza mara tatu habari za pembe moja ya bahari amekwisha kuonyesha anachokihofu. Mashine hujibu swali. Binadamu huyasikiliza maswali.

War in the Pacific, kazi ya Gary Grigsby na wenzake, ulitoka mwaka 2004, na toleo lake lililokuzwa, Admiral's Edition, likafuata mwaka 2009. Huchezwa kwa kompyuta, na watu wawili hupelekeana zamu kwa barua pepe, kila mmoja akiwa na neno lake la siri. Zamu moja yaweza kuwa siku moja ya vita. Tangu shambulio la Pearl Harbor la tarehe 7 Desemba 1941 hata Japani ilipotia sahihi kushindwa kwake tarehe 2 Septemba 1945 zilipita siku zaidi ya 1,300. Basi wanaopelekeana zamu moja kila kutwa hutumia muda karibu sawa na ule uliowapitia maadmirali wenyewe. Ramani ni kubwa mno. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataikuta Mombasa pembezoni, nje ya uwanja ambao Mjapani aweza kuufikia, na haikutiwa hapo kwa pambo: baada ya Wajapani kuzishambulia Colombo na Trincomalee mwezi wa Aprili 1942, makao ya manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi yalihamishiwa Kilindini.

Sifa kubwa ya kazi hii ni kwamba imethubutu kumpa mchezaji habari za uongo. Rubani hurudi akasema ameona manowari ya kubebea ndege, kumbe ni meli ya mafuta. Hiyo ni historia, si dhihaka. Tarehe 7 Mei 1942, katika Bahari ya Matumbawe, wapelelezi wa Kijapani waliiona meli ya mafuta Neosho na manowari ndogo Sims, wakazitaja kuwa manowari ya kubebea ndege pamoja na msindikizaji wake. Kikosi kizima cha ndege kikapelekwa huko, na manowari zilizokuwa zikitafutwa zikasalimika siku ile.

Kompyuta nayo yaweza kushika upande wa pili, na wengi hujifunzia kwayo. Lakini huendeshwa na mipango iliyokwisha kuandikwa, na mchezaji aliyeigundua mipango hiyo huacha kupigana, akawa anasahihisha hesabu. Kinachokosekana si werevu. Kinachokosekana ni mtu mwenye nia yake mwenyewe, asiye na wajibu wa kuyasadiki matumaini ya mwenziwe.

Ubaya wa kumkosa mtu huyo umepata kuonekana mahali ambapo kamari ilikuwa ya roho za watu. Mwanzoni mwa Mei 1942, juu ya manowari Yamato, wakuu wa jeshi la majini la Japani waliucheza mezani mpango wao wa kuiteka Midway. Fuchida na Okumiya, katika kitabu chao kilichotoka Japani mwaka 1951, wameeleza kwamba dadu ziliamua mabomu tisa ya Wamarekani yamezipata manowari za kubebea ndege. Admirali Ugaki, aliyesimamia mchezo, akaamuru tisa yawe matatu. Manowari Kaga ilihesabiwa kuwa imezama, kisha ikafufuliwa ili ishiriki katika sehemu iliyofuata. Ushuhuda wa Fuchida umetiwa shaka na wanahistoria katika mambo mengine, lakini Okumiya ndiye aliyezitupa dadu zile. Tarehe 4 Juni Kaga na Akagi zilipigwa kwa dakika chache pamoja na Soryu, na Hiryu ikafuata alasiri. Mezani pale alikuwako ofisa aliyecheza upande wa Marekani. Lakini alikuwa chini ya amri ya wale wale aliopaswa kuwashinda. Hasimu wa namna hiyo ni kivuli cha bwana wake.

Hata hivyo mchezo wa watu wawili una ila yake, nayo si ndogo. Wote wawili wamekwisha kusoma habari za vita. Anayeiongoza Japani hatakwenda Midway kama alivyokwenda Yamamoto, wala anayeiongoza Marekani hatashangazwa na mambo yaliyowashangaza wenyewe. Wachezaji huweka mapatano yao wenyewe ili kuzuia yaliyo ya aibu, lakini hakuna mapatano yawezayo kumsahaulisha mtu alilosoma. Anayeutaka mchezo huu uwe mwalimu wa historia, basi atahuzunika. Ujinga wa mwaka 1942 haurudishiki. Kilichorudi ni woga wake tu, na huo warudi mzima, kwa sababu nia ya mtu aliye hai haikuandikwa katika kitabu chochote.

Tena iko habari ya kushindwa. Miezi sita ya kwanza ni neema kwa Mjapani: Singapore, Java, Rangoon. Baada ya hapo viwanda vya Marekani huanza kuleta manowari ambazo yeye hana mfano wake, na mbele yake iko miaka mitatu ya kurudi nyuma kisiwa kwa kisiwa. Hapo wachezaji wengi hunyamaza. Barua hukawia, kisha hazifiki tena, na yule wa upande wa pili, aliyevumilia kupigwa tangu Desemba ya kwanza akiingojea zamu yake, hubaki na ramani isiyo na mtu wa kuipigania. Watunzi hawakutunga kanuni ya kulizuia jambo hilo, wala hawangeweza. Wachache huendelea kuandika mpaka Okinawa, wakijua kwamba kila zamu wanayoipeleka itawarudishia orodha ya meli zilizozama, na ni hao waliomfanya mtu wa upande wa pili aufikie mwisho wa vita vyake.