Kutambua si Kuhakiki: Istilahi za Alama za Vidole

Miongoni mwa istilahi zilizoenea upesi katika nyaraka za serikali ni "utambuzi wa alama za vidole". Neno hili ni fasaha, tena limetokana na shina ambalo kila msemaji analifahamu: tambua, tambulisha, kitambulisho. Hata hivyo, tunaona kwamba limetwishwa mzigo usio wake, kwani wafasiri hulitumia kwa kazi mbili zilizo mbalimbali.

Kazi ya kwanza ni kumtafuta mtu miongoni mwa wote walioandikishwa. Mtambo hupima mahali ambapo mistari ya kidole hukoma na mahali ambapo hugawanyika panda, kisha hulinganisha vipimo hivyo na kumbukumbu zote. Swali lake ni: "Huyu ni nani?" Katika kazi ya pili, mtu hutaja namba yake, na kidole chake hulinganishwa na kumbukumbu moja tu iliyo chini ya namba hiyo. Swali ni: "Je, huyu ndiye?"

Mpango wa Aadhaar wa India, ulioanza kutoa namba mwaka 2010, una kazi zote mbili. Mtu mzima anapoandikishwa, alama za vidole vyake 10 hulinganishwa na za wengine wote ili asiandikishwe mara mbili. Huo ni utambuzi. Aendapo kuchukua nafaka katika duka la mgao, hutoa namba yake ya tarakimu 12, huweka kidole, na jibu huwa ndiyo au siyo. Huo si utambuzi. Hapa Tanzania pia, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ulioanza mwaka 2019, ni wa namna hii ya pili.

Kazi hiyo ya pili tunapendekeza iitwe "uhakiki". Wako wanaopendelea "uthibitishaji". Lakini kuthibitisha ni kulifikia jibu la ndiyo, hali kuhakiki ni kuchunguza, na jibu laweza kuwa lolote.

Jambo hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Mkulima aliyeshika jembe miaka mingi, mwashi, na mzee mwenye ngozi kavu, mistari ya vidole vyao hufifia. Wala mtambo hautoi yakini. Hutoa kadirio la ulingano, na watu ndio waliopanga kiwango ambacho chini yake mtu hukataliwa. Sasa mwenye haki akikataliwa, karani akasoma "hakutambuliwa", atamdhania kuwa mgeni au laghai. Sentensi hiyo imemhukumu mtu kwa upungufu wa kipimo. Ingeandikwa "alama hazikulingana", karani angeelewa kwamba kilichoshindikana ni ulinganishaji, na kwamba hana budi kutafuta njia nyingine. Hofu ya wanyonge kunyimwa haki kwa sababu hiyo ilikuwa miongoni mwa hoja za walalamikaji katika shauri la Aadhaar, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India mwaka 2018.

Historia yetu nayo inatuonya. Kwa sheria iliyotungwa Kenya mwaka 1915, wanaume Waafrika walilazimishwa kuchukua cheti chenye alama za vidole, wakakining'iniza shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Cheti hicho kiliitwa "kipande". Neno la kawaida kabisa likaingia uchungu, si kwa sauti yake, bali kwa yale waliyotendewa watu kwa jina lake.

Kwa hiyo tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali watumie "utambuzi" kwa kumtafuta mtu miongoni mwa wengi, "uhakiki" kwa kumlinganisha na kumbukumbu yake mwenyewe, na "kutolingana" kwa matokeo yanapokosa kuafikiana. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya aliyesimama dirishani ni kuelezwa sawasawa kilichotokea.