Bakuli moja, bekari nyingi

Chachu yangu ya kwanza ilishindwa na joto la Dar es Salaam. Kitabu kilielekeza ilishwe unga na maji mara moja kwa siku, lakini aliyekiandika alikuwa kwenye baridi. Jikoni kwangu, penye nyuzi 31, ilifura kufika saa sita mchana, ikanywea kabla ya alasiri, na asubuhi yake ilinuka siki. Nilioka hivyo hivyo. Mkate ukatoka bapa, na mama mkwe alipoonja kipande aliniuliza taratibu: “Mwanangu, hii ulitaka iwe togwa?”

Aliuliza jambo la msingi kuliko alivyodhani. Anayepika togwa huweka kimea cha ulezi kwenye uji kwa sababu kimea hukata wanga kuwa maltosi, sukari ambayo bakteria huila na kuacha ukali. Katika mkate wa chachu mambo ni hayo hayo, isipokuwa kazi ya kimea hufanywa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya unga wa ngano wenyewe. Ukichanganya unga na maji ukaviacha mezani, karamu imeshaanza.

Nani hasa anakula nini kwenye karamu hiyo ni swali lililopata jibu mwaka 1971, katika maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Albany, California. San Francisco ilikuwa na mkate wake mchachu tangu enzi za wachimba dhahabu, na wenyeji walishikilia kwamba hauokeki kwingine kwa sababu ya ukungu wa ghuba yao. Leo Kline, T. F. Sugihara na wenzao wakaichunguza chachu ya waokaji wa mji huo na kukuta wapangaji wawili. Wa kwanza ni hamira ya asili ambayo haigusi maltosi kabisa. Wa pili ni bakteria anayeishi kwa maltosi hiyo, wakampa jina la mji: Lactobacillus sanfrancisco. Kwa hiyo hawagombanii chakula. Bakteria humwaga asidi ya maziwa na asidi ya siki mpaka unga unakuwa mkali kiasi cha kuwafukuza wageni wengi, lakini hamira ile inavumilia. Ndiyo maana bakuli lililo wazi jikoni, lisilo na dawa yoyote, linaweza kulishwa miaka na miaka bila kuoza. Baadaye bakteria huyo huyo alionekana kwenye chachu za Ulaya, na hadithi ya ukungu ikabaki ya watalii.

Kwa mwokaji, ugumu uko kwenye saa. Unga, maji na chumvi haviumizi mfuko. Kwa hamira ya pakiti unaweza kukanda, kuumua na kuoka ndani ya saa tatu. Chachu hulishwa jioni. Unga hukandwa, hupumzishwa, hukunjwa, hukatwa madonge, mara nyingi hulazwa kwenye baridi usiku kucha, ndipo uingie tanurini alfajiri. Mkate mmoja unapita zamu mbili au tatu. Anayelisha chachu usiku hayupo mkate unapotoka, na akizembea hakuna atakayejua hadi kesho yake, wakati hasara imeshaingia. Mwenye duka anayelipa kwa saa hujikuta na njia mbili: aweke msimamizi wa usiku, au arudi kwenye pakiti. Wengi wamerudi kwenye pakiti, na siwalaumu.

Kuna njia ya tatu, nayo ilijaribiwa Berkeley, mji unaopakana na hiyo Albany ya maabara. Mwaka 1967 mume na mke, Sahag na Elizabeth Avedisian, walifungua duka la jibini wakaliita Cheese Board. Mwaka ule ule wa 1971 wakawauzia wafanyakazi wao duka zima, nao wakabaki kama wanachama wenzao. Malipo ya saa yakawa sawa kwa wote, mkongwe na aliyeingia juzi. Mikate ilikuja baadaye, ikakuta utaratibu unaoifaa: anayelisha chachu usiku anakilisha kitu chake.

Sisi tuliozoea ushirika wa kahawa na pamba tuangalie tofauti hapa. Katika vyama vyetu vya msingi mwenye chama ni mkulima, na karani wa ghala ameajiriwa. Kule Berkeley mwenye chama ni yule yule aliyeshika donge.

Lakini bekari yenye wanachama wenye sauti sawa ikinenepa, vikao huimeza. Watu 15 huweza kukubaliana juu ya zamu za Krismasi. Watu 150 watahitaji kamati, kisha kamati ya kamati. Hapo ndipo ninapouona ustadi wa kilichofanyika mwaka 1997 mjini Oakland. Cheese Board haikufungua tawi. Ulianzishwa ushirika mwingine kabisa, wenye wanachama wake na vitabu vyake vya hesabu, ukaitwa Arizmendi kwa heshima ya José María Arizmendiarrieta, padri aliyekuwa nyuma ya vyama vya ushirika vya Mondragón huko Uhispania. Cheese Board ikaupa mapishi yake na mfumo wake wa kuendesha kazi. Kisha zikafuata nyingine, San Francisco na Emeryville, kila moja ikijitawala. Kila bekari huchangia chama chao cha pamoja sehemu ya kinachopatikana, na chama huwatafutia huduma za hesabu na sheria, huwafunza wapya, na huandaa bekari inayofuata.

Nilipoelewa hilo, kwamba kitu hukua kwa kuchota kidogo na kuanza upya, ndipo nilipoelewa kosa la bakuli langu. Nilikuwa nahifadhi chachu yote ya jana na kuiongezea unga kiasi kile kile. Kwenye joto letu, chachu nyingi ya zamani huumaliza unga mpya upesi, ikabaki na njaa na ukali. Siku hizi nachota gramu 10 tu, naziwekea unga gramu 50 na maji gramu 50, inayobaki natia kwenye maandazi. Inafura polepole, na nikidondosha kijiko chake kwenye glasi ya maji kinaelea.

Nisiwapambe wanaushirika hao kupita kiasi. Mkate wao si wa bei ya mnyonge, na mtaa ilipo Cheese Board unajulikana kwa walaji wenye nazo. Sijui kama hesabu ingesimama pasipo wateja wa namna hiyo. Ila wamejua kubana kazi bila kubana watu. Katika miaka ya 1980 wafanyakazi wa Cheese Board walikuwa wakichukua donge la mkate mchachu, wanatandaza jibini na mboga juu, wanakula mchana. Wateja wakataka. Ikawa piza ya kuuza, aina moja tu kwa siku, isiyo na nyama: donge moja, vitu vya juu vya aina moja, foleni inakwenda. Asiyependa uyoga arudi kesho.