Vijiti Vyekundu

Bakteria wa kifua kikuu hana haraka. E. coli wa utumboni akipata lishe nzuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Huyu huchukua karibu siku nzima, na ukimwotesha maabara utangoja wiki kadhaa kabla ya kuona chochote kwa macho. Akivutwa na pumzi hadi ndani kabisa ya mapafu, humezwa na makrofaji, seli ya kinga ambayo kazi yake ni kula wavamizi. Wengi huishia hapo. Yeye hapo ndipo anapoanza maisha: huizuia seli isikiunganishe kifuko alimofungiwa na kile chenye vimeng'enya vya kumsaga, akakaa humohumo, pengine miaka mingi, bila mwenyeji wake kukohoa hata mara moja.

Ngao yake kubwa ni ukuta wake. Umejaa mafuta mazito ya jamii ya nta, na ndiyo sababu dawa nyingi za kawaida hazimpati. Ukuta huohuo ndio unaomponza. Robert Koch alipotangaza kumgundua mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, alikuwa amevuka kikwazo kikubwa cha kazi hiyo, yaani kumtia rangi bakteria asiyeshika rangi. Mwaka huohuo Paul Ehrlich akagundua kuwa rangi ikishaingia haitoki tena, hata ukimwosha kwa tindikali. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaiboresha njia hiyo, na majina yao mawili bado yanatajwa kila siku katika maabara za wilaya, na watu ambao pengine hawajawahi kujiuliza hao walikuwa nani.

Ufundi wenyewe huanzia kwenye kikopo. Mate hayafai, yanatakiwa makohozi yaliyotoka kifuani, na ndani ya makohozi hayo mtaalamu huchagua kwa kijiti ile sehemu nzito yenye usaha, kwa kuwa bakteria hawajasambaa sawasawa. Huipaka katikati ya slaidi, urefu wa sentimita 2 kwa upana wa 1, akizungusha vijizunguko vidogo vidogo. Unene hupimwa kwa njia ninayoipenda kuliko zote: slaidi ikishakauka, ishike juu ya gazeti, kama sentimita 4 hivi. Maandishi yakisomeka kwa shida kidogo, ni sawa. Yasiposomeka, utando ni mnene, utabanduka wakati wa kuosha. Yakisomeka kama hakuna kitu, umepaka kidogo mno.

Kisha slaidi hupitishwa juu ya mwali wa moto ili utando ushike. Rangi nyekundu ya fuksini yenye kaboli humwagwa ikaufunika wote, na moto hurudishwa chini yake mpaka mvuke upande. Upande tu, usichemke. Joto hulainisha ile nta, rangi ikapenya. Ikichemka au ikikaukia pale, kioo hujaa chembechembe nyekundu ambazo baadaye zitamdanganya msomaji. Baada ya dakika 5 huoshwa kwa maji, halafu kwa tindikali, mpaka kila kitu kipauke isipokuwa yule mwenye nta. Mwisho hupakwa rangi ya buluu kwa dakika 1, ili uwanja mzima uwe na rangi nyingine.

Sasa hadubini, lenzi ya 100, na tone la mafuta. Vikiwapo, huonekana vijiti vyembamba vyekundu, vimepinda kidogo, kimoja kimoja au vimelundikana. Slaidi iliyojaa haina kazi: zaidi ya 10 katika kila duara la kuonea, ukitazama maduara 20 umemaliza, unaandika 3+. Kazi ni ile tupu. Kabla ya kuandika kuwa hakuna kilichoonekana, lazima msomaji apite maduara 100, mstari kwa mstari, kama mkulima anayepalilia tuta kwa tuta asiruke hata shina. Kwa maoni yangu hapa ndipo fundi anapojulikana, kwani duara la 60 likiwa buluu tupu kama yaliyotangulia, jicho lolote huanza kuamini kuwa yaliyobaki yatakuwa hivyo hivyo. Na hata akiyamaliza yote, hadubini hushindwa pale ambapo mililita moja ya makohozi ina bakteria chini ya 5,000 hivi.

Kuna jambo jingine ambalo slaidi haiwezi kulionyesha: kijiti sugu ni chekundu sawasawa na kisicho sugu. Pango moja ndani ya pafu lililooza laweza kuwa na bakteria milioni 100. Kati yao, mmoja katika kila milioni hivi huwa sugu kwa dawa ya isoniazidi kwa bahati tu, kabla mgonjwa hajameza kidonge chochote. Ukitumia dawa hiyo peke yake, unaua wenzake na kumwachia shamba. Streptomaisini ilionyesha hivyo miaka ya 1940: wagonjwa walipata nafuu, kisha wengi wakarudi kuumwa, na dawa haikufanya kitu tena. Ndiyo maana leo mgonjwa huanza na dawa nne pamoja. Tiba ya kuchanganya dawa kwa miezi 6 ilijaribiwa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia kuanzia 1970.

Usugu hutafutwa na mashine za vinasaba, GeneXpert ikiwa maarufu zaidi, ambayo hujibu kuhusu usugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa hizo nne, chini ya saa mbili. Ni kifaa cha ajabu, lakini hunasa hata mabaki ya bakteria waliokwisha kufa, kwa hiyo hakifai kufuatilia anayetibiwa. Mwezi wa pili na wa tano wa tiba, kikopo hurudi kwenye hadubini. Vijiti vikionekana mwezi wa tano, tiba imeshindwa, na usugu unatafutwa upya.

Slaidi zilizosomwa hazitupwi mara moja. Hupangwa kwenye boksi, na msimamizi huchukua chache bila kuchagua akampelekea msomaji mwingine asiyejua jibu la kwanza. Wakitofautiana, msomaji wa tatu huamua. Kisha huulizwa maswali ya kawaida kabisa: rangi ilitengenezwa lini, lenzi imekwaruzika, na mtu huyu alisoma slaidi ngapi siku ile. Zikizidi 25, jibu mara nyingi limeshapatikana.