Sambaza wa Gisenyi: namna ya kumjua aliye bora

Mgeni akiambiwa kwamba kina cha Ziwa Kivu kinapita mita 450, hudhani wavuvi wa Gisenyi, Rwanda, huwafuata samaki huko chini. Wapi! Ukishapita mita 60 hivi, oksijeni imekwisha. Kilichobaki ni maji mazito yenye kabonidayoksaidi na methani. Sambaza, samaki mdogo wa jamii ya dagaa, anaishi kwenye tabaka la juu, na huvuliwa usiku. Kwa hiyo anayetaka sambaza mzuri asianzie sokoni. Ateremke ufukweni jioni, mitumbwi ikijiandaa kutoka.

Mitumbwi hiyo huenda mitatu mitatu, imeunganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, na mingine imechomoza mbele na nyuma kama papasi za mdudu. Wavu huning'inia humo. Kagua vifungo. Kamba ikilegea upande mmoja, wavu utapanda umeinama, na sambaza hahitaji mlango mkubwa ili atoroke. Kisha sikiliza. Watalii hurekodi nyimbo za wapiga makasia hawa kama burudani, ilhali kazi yake ni kuipa mikono mwendo mmoja. Mimi hupenda kikosi ambacho wimbo wake haukatiki mtumbwi unapogeuka, kwa kuwa watu hao hao ndio watakaovuta wavu, na kuvuta kunataka wote waanze pamoja.

Taa nazo zina maneno. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni balbu za betri. Mwanga huwakusanya vijidudu vya majini, sambaza huja kula, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mwezi mpevu huharibu mpango wote, maana ziwa zima linang'aa na taa haina mvuto tena. Siku hizo sambaza huadimika na bei hupanda, na ndipo wa jana huuzwa kwa jina la wa leo.

Sasa beseni. Usimtazame aliye juu; ingiza mkono hadi chini na umtoe mmoja. Ubavu uwe na rangi ya fedha, jicho liwe angavu na limetuna, mashavu ya ndani yawe mekundu. Halafu bonyeza tumbo, kwani hapo ndipo hakuna mchuuzi anayeweza kudanganya. Sambaza hufa akiwa ameshiba, na chakula kilicho tumboni huanza kumwozesha kwa ndani jua likichomoza tu. Tumbo lililopasuka linakuambia amekaa sana, hata kama amemwagiwa maji mapya ili ang'ae. Beseni lililojaa vitoto vya urefu wa kucha nalo liache: hao wamevuliwa kwa wavu wa matundu madogo mno. Na kila mwaka uvuvi husimamishwa kwa majuma kadhaa ili samaki wazaliane. Ukiuziwa sambaza mbichi wakati huo, uliza ametoka wapi.

(Wazee hawakumkuta ziwani humu. Wabelgiji walimleta kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kuifikiria Gisenyi bila yeye.)

Mkavu ana mtihani wake. Mvunje: akipinda badala ya kukatika, bado ana maji na ataota ukungu. Rangi ya manjano yenye harufu ya mafuta ya zamani inaonyesha shahamu imechacha. Tafuna mmoja hapo hapo. Mchanga ukilia menoni, alianikwa chini. Mwache, tafuta aliyekaushwa juu ya chanja.

Jikoni sina mengi ya kusema. Mafuta yachemke sawasawa, samaki waingie wachache wachache, la sivyo watachemka badala ya kukaangika. Mzuri huliwa mzima, kichwa na miiba. Mhudumu akikuletea sahani ambayo tayari imelowa ndimu na pilipili, onja kwanza mmoja wa chini, ambaye ndimu haijamfikia.