Gurudumu Lililopasuka

Gari la kwanza nililomchongea mjukuu wangu liliharibika kabla mtoto hajaligusa. Lilikaa kabatini wiki mbili likingoja Idi. Nilipolitoa, magurudumu matatu kati ya manne yalikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi kwenye tundu la katikati, kama keki iliyomegwa kipande.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana za samani. Aliligeuza mara moja tu.

"Mzee, hapa hukukata gurudumu. Umekata kuni."

Nilikuwa nimechukua tawi bichi la mwembe nikalikata vipande kama mtu anayekata muhogo. Inavutia, maana duara tayari limeumbwa na mti. Tatizo ni kwamba mti haukauki sawasawa kila upande. Miti mingi, ikitoka ubichi hadi ikakauka kabisa, hunywea takriban asilimia 8 kwa kufuata mzunguko wa shina, asilimia 4 kutoka kiini kuelekea ganda, na kwa urefu haifiki hata nusu ya asilimia moja. Sasa piga hesabu ya gurudumu lenye kipenyo cha milimita 50. Mzingo wake ni milimita 157. Mzingo unataka kupungua kwa asilimia 8, kipenyo kinapungua kwa 4 tu. Tofauti yake ni kama milimita 6. Kwa ukavu wa kawaida wa chumbani chukua nusu yake, milimita 3. Huo ndio upana wa ufa nilioukuta. Samaki mkunje angali mbichi, lakini gurudumu lingoje mbao ikauke.

Gari la pili nililitengeneza kwa vipisi vya mninga mkavu, mbao inayosifika kwa kutonywea sana. Safari hii gurudumu lilitoka kwenye ubao wa unene wa milimita 20, nyuzi zikiwa zimelala kwenye uso wake badala ya kusimama. Gurudumu la namna hii likinywea huwa yai kidogo, jicho lisione, wala halipasuki. Lina udhaifu mmoja: pande mbili za ukingo, nyuzi zinapoishia, ni rahisi kumeguka likianguka sakafuni. Ndiyo maana sikulifanya jembamba, na kingo zote nilizipiga msasa hadi zikawa butu.

Kilichobaki kilikuwa mpangilio wa kazi, na hapo ndipo wengi tunapoharibu. Tunakimbilia umbo. Mimi nilianza na tundu. Nilichora duara kwa bikari, na alama ya sindano ikawa mahali pa kutoboa kwa biti ya milimita 8, ubao ukiwa bado mraba na umebanwa vizuri kwenye jiliwa. Baada ya hapo nikakata pembe nne, zikawa nane, nikamalizia kwa tupa. Ukilichonga duara kwanza, halibaniki, na tundu litakwenda upande. Gari litatembea likichechemea.

Bodi nayo ilitobolewa ikiwa bado tofali la mbao, kabla boneti haijachongwa. Chini yake niliweka kipisi cha ovyo, ili biti inapotokea upande wa pili isimegue uso. Matundu ya bodi ni milimita 10, mbili zaidi ya ekseli. Ekseli imegandishwa kwenye magurudumu na inazunguka ndani ya bodi, kwa hiyo nafasi hiyo inaiachia pumzi masika mbao inapovimba. Ekseli yenyewe niliipasua kwa panga kufuata nyuzi, kisha nikaichonga. Kijiti cha kukatwa kwa msumeno mara nyingi nyuzi zake hukimbilia pembeni na huvunjika hapo. Kabla ya gundi, niliisugua nta sehemu ya katikati. Tone moja la gundi likipenya ndani ya bodi, umetengeneza pambo la mezani.

Kuhusu usalama, Marekani na Ulaya hupima vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka 3 kwa kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7; kipande kinachozama chote humo kinaweza kumkaba mtoto. Gurudumu la milimita 50 halipiti. Taa nilizichora kwa ncha ya chuma cha moto, sikutumia misumari. Rangi za makopo ya zamani niliziacha, kwani zinaweza kuwa na risasi, sumu ya ubongo wa mtoto, na mtoto wa umri huu lazima ataling'ata gari. Nta ya nyuki ilitosha.

Siku ya Idi mjukuu hakuitazama boneti niliyoilainisha jioni mbili nzima. Aliligeuza gari miguu juu, akazungusha gurudumu kwa kidole, akaliweka sikioni.

Gurudumu moja la mwembe bado liko mezani kwangu. Masika ufa wake hujibana kidogo. Kiangazi hufunguka tena.