Canon 1300D na R50: jaribio lililobadilisha vitu vitatu kwa mpigo

Kila msimu wa mahafali ukikaribia, swali hili linarudi: nichukue DSLR ya mtumba, au nijikaze ninunue hizi mpya zisizo na kioo, zile ambazo madukani wanaziita mirolesi? Anayeuliza huwa tayari ameshaonyeshwa ulinganisho mahali fulani. Picha mbili, kushoto ya kamera ya zamani, kulia ya kamera mpya. Ya kulia inang'aa, na msimulizi anatangaza kwamba kioo kimekufa. Basi mtu anakwenda kukopa.

Ulinganisho wa namna hiyo ungeletwa kwenye semina ya idara usingevuka dakika 5. Umebadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja, yaani kioo, umri wa kihisi na lenzi, halafu tofauti yote ikabandikwa kwenye kioo peke yake. Na kwa kuwa pesa ya mtu iko hatarini (mara nyingi boom la muhula mzima), tuvitenganishe.

Tuchukue kamera mbili zinazokutanishwa sana. Ya kwanza ni Canon EOS 1300D ya mwaka 2016: DSLR ya wanaoanza, megapikseli 18, gramu 485 ikiwa na betri na kadi. Ya pili ni Canon EOS R50 ya mwaka 2023: haina kioo, megapikseli 24.2, gramu 375. Kampuni moja, soko lilelile la wanaoanza, miaka 7 katikati.

Kwanza, kioo chenyewe kinafanya nini? Kwenye 1300D kiko nyuma ya lenzi kwa mshazari, kinarusha mwanga juu hadi kwenye kidirisha cha kuchungulia. Ukibonyeza, kinaruka juu, mwanga unapita hadi kwenye kihisi, kinarudi. Ule mlio wa "klak" mnaoupenda kwenye harusi ndio huo. Ili kioo kipate nafasi ya kuruka, lenzi lazima ikae milimita 44 mbele ya kihisi. R50 imekitoa kioo, kwa hiyo umbali huo umeshuka hadi milimita 20, na kamera imekonda. Angalia sasa: wakati picha inapigwa kioo hakipo njiani kwenye kamera yoyote kati ya hizi mbili. Kimeshanyanyuka, au hakijawahi kuwepo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuondoa kioo kunaongeza mwanga kwenye picha, mwombe akuonyeshe unapoongezekea.

Kihisi (wengine wanasema sensa, ila neno hilo tumeshawapa wahesabu watu na makazi) kina ukubwa uleule kwenye kamera zote mbili, takriban milimita 22.3 kwa 14.9. Hilo ni la kukumbuka, maana chenga kwenye picha ya usiku chanzo chake kikubwa ni uhaba wa mwanga wenyewe. Mwanga unafika kwa chembe, fotoni, na fotoni haziji kwa foleni. Zinaanguka kama matone ya mvua juu ya bati. Pikseli ikikusanya fotoni 10,000, kuyumba kwa kawaida ni kipeuo chake cha pili, yaani 100, sawa na asilimia 1. Ikikusanya 100 tu, kuyumba ni 10, asilimia 10 nzima. Hizo ndizo chenga. Hakuna kampuni inayoweza kuzifuta kwa tangazo. Dawa ni kuingiza mwanga zaidi.

Na mwanga unaingizwa na lenzi. Hapa ndipo ulinganisho wa madukani unapochekesha. 1300D huuzwa na lenzi ya 18-55mm, ambayo uwazi wake ni f/3.5 kwenye upana na f/5.6 ukivuta. R50 huuzwa na 18-45mm, yenye f/4.5 hadi f/6.3. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa, na mwanga unafuata mraba wa namba hiyo. Piga hesabu: 4.5 gawa kwa 3.5, zidisha kwa yenyewe, unapata 1.65. Maana yake, zote zikiwa kwenye 18mm na spidi ya shata ikiwa ileile, kamera ya zamani inapokea mwanga zaidi kwa asilimia 65 kuliko mpya! Ukivuta hadi mwisho wa kila lenzi, ya zamani bado inaongoza kwa karibu asilimia 27, pamoja na kwamba inavuta mbali zaidi. Lenzi ya R50 ni ndogo na nyepesi, inaingia mkobani vizuri, na hiyo ndiyo sifa waliyoilenga. Lakini kumuuzia mpiga picha wa send-off za usiku kitu hicho kama "seti kamili" ni kumnyima chakula halafu kumsifu kwamba amepungua.

Sasa ichomoe lenzi ya 1300D, weka EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015 kwa dola 125. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara 10. Narudia, mara 10. Hakuna tofauti nyingine katika makala hii inayoikaribia hiyo kwa pesa hiyo. Lenzi za mfumo wa EF zimetengenezwa tangu 1987, kwa hiyo mitumba yake imejaa. R50 nayo inaweza kuzitumia kupitia adapta, ambayo ndani haina kioo wala lenzi yoyote. Ni pete tupu yenye waya za umeme, inayorudisha zile milimita 24 zilizopunguzwa (44 toa 20). Mwenye lenzi za zamani hazitupi, ila adapta ni gharama nyingine ambayo muuzaji huikumbuka ukishalipa.

Umri wa kihisi ni jambo la kweli, ila si kubwa kama linavyotangazwa. 1300D ilikuwa mzee siku ya kuzaliwa: ukoo wa kihisi chake cha megapikseli 18 ulianza na EOS 7D mwaka 2009. Kwenye muundo ule, ishara dhaifu ya umeme inasafiri nje ya kihisi kabla ya kugeuzwa kuwa namba, na njiani inaokota takataka. Vihisi vipya vinaigeuza ndani kwa ndani. Mchana hutaona kitu. Megapikseli 24 dhidi ya 18 ni nukta 6000 dhidi ya 5184 kwa upana, nyongeza ya asilimia 16, na ukishaituma picha kwa WhatsApp wote mmelingana. Tofauti inajitokeza pale unapojaribu kuinua sehemu zenye giza baada ya kupiga. Kwenye 1300D giza likiinuliwa linakuja na michirizi na madoa. Kwenye R50 linakuja safi zaidi.

Na hili la kuinua giza lina uzito kwetu kuliko kwa waandishi wengi wa ulaya wanaolinganisha kamera hizi. Mita ya mwanga ndani ya kamera haijui inatazama nini. Inadhani dunia kwa wastani ni ya kijivu, inayorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Mpe bibi harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya gauni jeupe lililojaza fremu: mita inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga ili gauni liwe kijivu, na uso unazama. Kwenye 1300D kidirisha cha kuchungulia kinakuonyesha kile ambacho jicho lako lingeona, si kile ambacho kihisi kitarekodi. Unamwona bibi harusi vizuri kabisa, unabonyeza, unaridhika, na kosa unalikuta baadaye. Halafu unaenda kuuinua uso kwenye kompyuta, mahali haswa ambapo kihisi hiki ni dhaifu. Udhaifu mmoja unamkabidhi mwingine.

Kwenye R50 unachochungulia ni skrini ndogo ya nukta milioni 2.36 inayopokea picha kutoka kwenye kihisi chenyewe. Uso ukizama unauona umezama kabla hujabonyeza, unaongeza mwanga hapo hapo. Hii ni faida halisi ya kuondoa kioo, na naiweka juu kuliko 4K na kasi ya picha 12 kwa sekunde. Mwenye 1300D si kwamba hana njia: kwenye modi ya Av, shikilia kitufe cha Av chenye alama za jumlisha na toa, zungusha gurudumu hadi +1, piga RAW. Ila lazima ajue, na lazima akumbuke wakati MC anapiga kelele.

Tumebakiwa na fokasi. Hapo R50 inashinda bila ubishi, lakini tena sababu yake inasimuliwa vibaya. Kwenye 1300D sehemu ya kati ya kioo inapitisha mwanga kidogo hadi kwenye kioo kingine kidogo nyuma yake, kinachourusha chini kwa kihisi maalumu cha fokasi. Kihisi hicho kinalinganisha mwanga uliotoka pande mbili za lenzi. Zikipishana, kamera inajua izungushe lenzi upande gani na kiasi gani. Ni ujanja mzuri na una kasi. Shida ni kwamba una pointi 9 tu, ya katikati ndiyo imara, na unapima njia tofauti na ile ambayo picha itapita. Njia hizo zikitofautiana kidogo mno, labda kamera iliwahi kudondoka, basi kila picha inakosea upande mmoja. Kamera za juu zina menyu ya kurekebisha hilo. 1300D haina.

Kwa lenzi ya f/3.5 hutagundua. Kwa ile 50mm ya f/1.8 niliyoisifia, ukimpiga mtu kwa umbali wa mita moja na nusu, eneo linaloonekana kali lina kina cha takriban sentimita 6. Ukifokasi jicho kwa pointi ya katikati halafu ukasogeza fremu, jicho linaweza kuwa limeshatoka ndani ya hizo sentimita. Kwa hiyo ushauri wangu wa lenzi ya bei poa una kodi yake: picha 10, tatu au nne za kutupa mpaka mkono uzoee.

R50 inapima fokasi kwenye kihisi kilekile kinachopiga picha. Kila pikseli imegawanywa nusu mbili, kushoto na kulia, na nusu hizo zinafanya ulinganisho uleule. Hakuna njia mbili za kutofautiana, na programu inatafuta jicho popote kwenye fremu. Lakini teknolojia hiyo Canon waliitoa kwanza kwenye 70D ya mwaka 2013, kamera yenye kioo! 200D ya 2017, DSLR ya wanaoanza, inayo pia ukitumia skrini ya nyuma badala ya kuchungulia. Huyu ndiye shahidi ambaye walinganishaji hawamwiti kamwe. Weka 200D katikati ya 1300D na R50, zote na 50mm ya f/1.8, na sehemu kubwa ya "ushindi wa mirolesi" inageuka kuwa ushindi wa miaka.

Mambo mengine kwa haraka. Betri ya R50 ni kubwa kidogo, mAh 1040 dhidi ya 860, lakini inalisha skrini muda wote, na haifikii picha 500 ambazo 1300D hupewa kwa kipimo cha kawaida. Ya pili ni lazima. Shata ya kielektroniki ya R50 iko kimya, ila inasoma kihisi mstari kwa mstari. Kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, taa za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, na picha inatoka na mistari kama shuka la Kimasai. Tumia shata ya kawaida, spidi 1/50 au 1/100. Na kama kazi yako ni vielelezo vya maabara, majani, wadudu waliokufa, kamera juu ya stendi, 1300D inatosha kabisa. Mdudu aliyekufa hahitaji kutafutwa jicho.

Hukumu yangu, basi. R50 ni kamera bora, ikiwa na lenzi nyingine. Anayelipwa kwa kupiga watu wanaotembea, wanaocheza, usiku, au anayefanya video, aichukue bodi peke yake na ahesabu bei ya lenzi yenye tundu kubwa tangu mwanzo. Akishindwa kuifikia lenzi, asichukue bodi. Anayeanza, mwenye bajeti ya mwanafunzi, atafute 200D ya mtumba na 50mm, na 1300D kama hiyo imekosekana. Anayekopa ili ahame kutoka 1300D yenye lenzi ya boksi kwenda R50 yenye lenzi ya boksi, huyo ndiye ninayemwomba asimame kwanza.

Ukifika dukani kwa ajili ya 1300D ya mtumba, nenda na rula. Ilaze mezani, simama kwa pembe, weka 50mm kwenye f/1.8, fokasi kwenye sentimita 15 ukichungulia kidirishani, piga mara 5, kisha kuza picha. Herufi kali zikiwa kwenye 13 au 17 kila mara, rudisha kamera juu ya kaunta, hata kama muuzaji anasema atakupunguzia.